Bili Zote Juu ya Reli: Kisa cha Harvard na Yale Ziwani, 1852

Kisa kinaanzia ndani ya behewa. Kiangazi cha 1852, James Whiton, kijana wa Yale aliyebakiza mwaka mmoja kuhitimu, alikuwa safarini kwa treni ya kampuni ya reli ya Boston, Concord na Montreal. Aliyezungumza naye njiani alikuwa James Elkins, msimamizi wa reli hiyohiyo. Walikuwa karibu na Ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, na mazungumzo yakaangukia maji yale. Whiton alikuwa mpiga makasia chuoni kwake, akasema pale pangefaa sana kwa resi za mashua. Elkins hakuhitaji kubembelezwa. Akamwambia: walete wenzako wa Yale na wale wa Harvard washindane hapa, bili zote nitalipa mimi.

Hivyo ndivyo Whiton alivyolisimulia jambo lenyewe alipokuwa mzee. Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo mashua zikashindana, na tangu hapo siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa michezo baina ya vyuo nchini Marekani. Leo michezo ya vyuo vya huko ni biashara nzito, yenye viwanja vinavyopakia watu kuliko uwanja wowote wa taifa wa Afrika Mashariki. Watu wakitafuta ilipoanza, husimama ziwani, hupiga picha ya kumbukumbu, huondoka. Mimi nadhani mahali pa kusimama ni pale kwenye behewa. Swali langu katika kisa hiki ni moja: mchezo ule ulikuwa wa nani?

Kengele kabla ya chakula

Ili kuelewa kwa nini vijana wale waliirukia ofa ya Elkins, inabidi kwanza tuamke nao.

Yale ya wakati huo, mjini New Haven, jimbo la Connecticut, ilikuwa safu ya majengo ya matofali yaliyopangwa mstari mmoja. Limebaki moja tu leo, Connecticut Hall. Maji yalichotwa kwenye pampu ya uani na chumba kilipashwa moto na jiko. Kengele ililia alfajiri, na kengele ile ilimaanisha sala. Sala ilikuwa ya lazima, asubuhi na jioni, na asiyefika aliandikwa jina. Wakitoka kanisani hawakwenda mezani bali darasani. Kipindi cha kwanza kilisomwa na tumbo tupu, na majira ya baridi kilisomwa kwa taa, jua likiwa halijachomoza. Chai ilikuja baadaye.

Kipindi chenyewe hakikuwa mhadhara. Mwalimu, mara nyingi kijana aliyehitimu palepale miaka michache tu nyuma, aliketi mbele akachomoa jina kwenye kisanduku. Aliyeitwa alisimama, akatafsiri mistari yake ya Kigiriki au Kilatini, au akaeleza hoja moja ya Euclid, Mgiriki wa kale aliyeandika kitabu cha jiometri, kisha akaketi. Mwalimu aliandika alama kati ya sifuri na nne, akachomoa jina jingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini Euclid. Baadaye asubuhi wakarudia hivyohivyo, na alasiri tena. Maprofesa wa Yale walikuwa wamekwisha kuutetea utaratibu huu kwa maandishi, katika ripoti yao maarufu ya 1828: kazi ya chuo ni kuifunza akili nidhamu na kuiwekea samani. Samani zilizokusudiwa zilikuwa lugha mbili za kale na hisabati.

Mwaka uleule wa 1828 wanafunzi wao waligoma kwa ajili ya chakula. Tukio hilo limebaki kwenye historia ya chuo kwa jina la Uasi wa Mkate na Siagi. Mimi nimekaa bweni miaka sita, katika shule ambayo maharage yake yalikuja na wakazi wake wenyewe, kwa hiyo sihitaji kuelezwa jinsi mgomo wa namna ile unavyoanza: huanza na mtu mmoja kuligonga bakuli kwa kijiko. Miaka miwili baadaye ukaja mgomo mwingine, safari hii wa hisabati. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wamezoea kujibu maswali ya jiometri wakiutazama mchoro kitabuni, chuo kikawataka waichore wenyewe ubaoni kwa kichwa. Wakakataa kwa pamoja. Zaidi ya 40 walifukuzwa kwa mkupuo, karibu nusu ya darasa, na vyuo vingine vikaombwa visiwapokee.

Baada ya hapo migomo ya wazi ilipungua, na hasira ikajifunza kucheza. Ulikuwepo utamaduni wa kumzika Euclid. Darasa lilipomaliza kitabu chake, lilikusanyika usiku na mienge, kukawa na mashairi, hotuba ya msiba na jeneza. Kila mmoja alipita akakichoma kitabu kwa chuma cha moto kilichotoboa kurasa, ili aweze kuapa kwamba amempitia Euclid toka jalada hadi jalada. Kisha wakakishika juu ya vichwa, kisha wakakikanyaga, kila tendo na mzaha wake wa maneno. Mwalimu mwenye kisanduku cha majina hakuwa na alama ya kumpa mtu kwa jambo hilo.

Vilivyokuwa vyao

Mchana wa chuo ulikuwa wa chuo. Lakini ilikuwapo saa kati ya kipindi na sala, na ulikuwapo usiku, na humo wanafunzi walijijengea chuo cha pili ambacho hakuna aliyewatuma wakijenge.

Kwa Yale nguzo zake zilikuwa vyama viwili vya midahalo, Linonia, kilichoanzishwa 1753, na Brothers in Unity, cha 1768. Mwanafunzi aliingia kimoja au kingine, na uhasama wao ulikuwa kama wa Simba na Yanga, wenye kelele nyingi na kuhitajiana kabisa. Walichojadili huko ni yale ambayo darasani hayakugusika: siasa za siku ile, utumwa, nchi kujitanua kuelekea magharibi. Na walikuwa na maktaba. Kila chama kilinunua vitabu kwa michango ya wanachama, hadi kufikia katikati ya karne kila kimoja kina zaidi ya juzuu 10,000. Maktaba ya chuo ilitosheka na teolojia na vitabu vya kale. Riwaya mpya ya Uingereza ulikwenda kuikopa kwa wenzako. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote waliyoyafanya vijana wale, na ndilo lisilosimuliwa, kwa sababu halikuwa na mshindi.

Vilikuwapo pia vyama vya siri, maarufu zaidi Skull and Bones cha 1832, chenye kuchagua watu 15 kwa mwaka. Nitavipita, vimekwisha kuandikwa kuliko vinavyostahili. Ilikuwapo mechi ya mpira kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kwenye uwanja wa wazi wa mji, ambayo kwa kweli ilikuwa ngumi za halaiki zenye mpira katikati. Wakuu wa mji waliivumilia hadi 1858, wakaipiga marufuku.

Na zilikuwapo mashua. Wa Yale walinunua ya kwanza 1843, ya mtumba, kwa kuchangishana. Mwaka uliofuata kundi la Harvard, chuo kilichoko Cambridge kando ya mto Charles, likapata ya kwake, ikaitwa Oneida. Tuitazame mashua hii kwa karibu, maana ndiyo itakayoshinda. Ilikuwa na urefu wa kama mita 11, ya mbao zilizopandana ubavuni kama vigae vya paa, nzito, yenye nafasi ya wapiga makasia wanane na mshika sukani. Haikuwa mali ya chuo. Ilikuwa ya kundi, na kundi lilipohitimu liliwauzia waliofuata, kama vile mwanafunzi anavyomwachia mdogo wake godoro na ndoo. Ilitumika jioni kwa mazoezi na usiku kwa mambo mengine: ng'ambo ya mto ni Boston, na Boston kulikuwa na majumba ya maonyesho na ya kunywea.

Hakukuwa na kocha, jezi ya chuo, wala mtu wa ofisini aliyejua wanapiga makasia mangapi kwa dakika. Walishindana wenyewe kwa wenyewe, darasa kwa darasa, kundi kwa kundi. Yale kwa Harvard hawakuwa wamewahi kukutana katika mchezo wowote.

Siku yenyewe

Wa Yale ndio waliotuma mwito, wakiandika kwamba nia ni kupima ni wapiga makasia wa chuo kipi walio bora. Harvard wakakubali. Majira yaliruhusu: mwaka wa masomo umekwisha, vyuo vimefungwa, hakuna wa kuombwa ruhusa. Mashua zikapelekwa ziwani, na vijana nyuma yake, nauli, malazi na chakula juu ya reli.

Kuhusu maandalizi ya Harvard imebaki kauli moja ninayoipenda mno. Wanasema walifanya mazoezi mara chache tu, kwa kuogopa kuota malengelenge mikononi. Weka hilo pembeni ya michezo ya vyuo ya leo, yenye madaktari wa misuli na wapima jasho, utaona tumetoka mbali. Mpiga makasia yeyote wa pwani angewaambia kwamba malengelenge ndiyo mazoezi. Ukishayapata na yakakauka, ndipo kiganja kinapokuwa chako. Lakini wale walikuwa wanakwenda kutembea.

Jumanne ya tarehe 3 Agosti kijiji cha Centre Harbor, kilichoko kwenye ncha ya ziwa, kikajaa. Reli ilikuwa imetoa treni maalumu za matembezi, na watazamaji wanakadiriwa kufika elfu moja. Bendi ilipiga. Asubuhi mashua zilitolewa kwa mbio za kupasha moto, na Oneida ikaongoza. Alasiri zikaja mbio zenyewe, za maili mbili. Yale walikuwa na zaidi ya mashua moja, Harvard wana ile moja tu. Oneida ikatangulia tena, ikamaliza mbele kwa urefu wa kama mashua mbili.

Zawadi ilikuwa jozi ya makasia ya mti wa jozi mweusi, yaliyopambwa kwa fedha. Aliyeyakabidhi, kama kisa kinavyosimuliwa, ni Jenerali Franklin Pierce, mwenyeji wa New Hampshire. Angalia tarehe: Pierce alikuwa ameteuliwa Juni na chama cha Democratic kugombea urais, na Novemba angeshinda. Mwanasiasa yeyote mwenye akili akisikia kuna watu elfu moja mahali pamoja, jimboni kwake, miezi mitatu kabla ya kura, anajua pa kuwa.

Mbio za pili zilikuwa zimepangwa siku mbili baadaye upande mwingine wa ziwa, huko Wolfeboro, hali ya hewa ikazivuruga. Hakuna aliyelalamika sana. Siku zilizobaki vijana walizitumia kula, kuogelea na kuzunguka ziwa kwa gharama ya Elkins. Whiton alipokumbuka uzeeni hakuiita siku ya kihistoria. Kwake ilikuwa raha tupu ya vijana wakiwa likizo.

Elkins alinunua nini?

Hapa ndipo wachambuzi wengi hugawanyika. Wako wanaosema reli ilikuwa mdhamini tu, kama kampuni ya simu inayoweka jina lake kwenye jezi. Mchezo ulikuwapo, fedha zikaja kuusaidia. Siafiki. Mchezo wa namna ile haukuwapo kabla ya fedha. Ulikuwapo mchezo wa darasa kwa darasa, mtoni, wa kutazamwa na marafiki na watu wa mtaa. Kitu kinachoitwa Yale dhidi ya Harvard kilihitaji mambo mawili ambayo wanafunzi hawakuwa nayo: njia ya kuwakutanisha, na sababu ya mgeni asiyesoma popote kati ya vyuo hivyo kuacha kazi zake aende kutazama. Treni ilikuwa yote mawili. Iliwaleta wachezaji bure ili iwalete watazamaji kwa nauli.

Mtazame Elkins kama mfanyabiashara. Reli yake ilikuwa changa, ikipita katika milima na mashamba ya watu wachache. Mizigo ilikuwapo, lakini behewa la abiria likienda tupu linagharimu kuni zilezile. Alichohitaji ni watu wa Boston waione New Hampshire kuwa mahali pa kupumzikia, walione ziwa, wale na kulala hotelini, warudi tena mwaka ujao na wake zao. Kwa hesabu hiyo, chakula cha vijana wachache kwa wiki moja ni tangazo la bei poa. Jina la Yale na la Harvard lilikuwa na uzito magazetini kuliko msafara wowote wa matembezi ambao angeubuni yeye.

Kwa hiyo sidhani kwamba Elkins alinunua mchezo. Alinunua majina mawili, na walioyauza hawakujua kwamba yana bei. Hilo ndilo kiini cha kisa chote. Wanafunzi wale walidhani wanatoa mikono yao na kupata wiki ya bure. Vyuo vilidhani havitoi chochote, na kwa siku ile vilikuwa sahihi: hakuna profesa aliyehusika, hakuna senti ya chuo iliyotumika, hakuna sheria ya chuo iliyoguswa. Lakini watu elfu moja hawakupanda treni kumtazama kijana fulani wa Connecticut. Walikwenda kuitazama Yale.

Tandaza ramani ya reli ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, uone yaliyofuata. Harvard na Yale walipokutana tena, 1855, ilikuwa Springfield. Mwaka 1859 walikutana Worcester. Mwaka huohuo wa 1859 vyuo viwili vidogo, Amherst na Williams, vilicheza mechi ya kwanza ya besiboli baina ya vyuo, na Amherst wakashinda kwa 73 kwa 32, pointi za kuhesabu kwa karatasi. Mahali palikuwa Pittsfield. Worcester, Springfield, Pittsfield: zifuate kwa kidole, zote ziko kwenye njia moja ya reli inayotoka Boston kwenda magharibi. Hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo uliokuwa mji wa chuo kinachocheza. Ilikuwa miji ya stesheni.

Kuna jambo jingine ambalo kisa cha ziwani hakilitaji lakini limo. Vijana wote wa siku ile walikuwa wazungu, wanaume, na wenye wazazi wa kuwalipia. Mwaka 1850 shule ya udaktari ya Harvard ilikuwa imewapokea wanafunzi watatu weusi, mmoja wao Martin Delany, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa sauti kubwa za Waafrika wa Marekani. Wanafunzi wenzao wakaandika malalamiko, na chuo kikawakatalia kuendelea baada ya muhula. Malalamiko dhidi ya mkate hayakusikilizwa upesi kiasi hicho. Na Pierce, mtoa makasia, aliingia Ikulu akaitetea sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Nasema haya kwa sababu simulizi za michezo ya vyuo hupenda kuitaja enzi ile kuwa ya usafi, kabla fedha hazijaharibu mambo. Usafi upi, na wa kina nani?

Mamluki wa kwanza

Mbio za Springfield za 1855 zilileta kitu ambacho msomaji wetu aliyecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, atakitambua kwa jina: mamluki, mchezaji asiye mwanafunzi wa chuo anachokichezea. Mshika sukani wa Harvard alikuwa Joseph Brown. Wa Yale wakamtazama, wakamtambua: huyu si ndiye aliyekuwa na sukani ya Oneida kule ziwani? Na si alikwisha kuhitimu? Ndiye, na alikwisha. Wakalalamika, na mbio zikaendelea na yeye akiwa tezini. Harvard wakashinda. Mamluki wa kwanza katika historia ya michezo ya vyuo vya Marekani, basi, alipatikana katika mkutano wa pili tu.

Ninachokiona hapo ni kwamba 1852 swali hilo lisingeulizwa. Kundi la marafiki wenye mashua yao halina mamluki. Yeyote wanayemkaribisha ni wao. Mamluki huzaliwa pale jina la chuo linapokuwa kitu cha kushindania. Ndipo watu wanaanza kudai vyeti.

Mstari huo ulichukua muda kuwekwa. Mwaka 1858 mmoja wa waliopiga makasia kwenye mashua ya Harvard alikuwa Charles William Eliot, na huyo hakuwa mwanafunzi bali mwalimu wa palepale. Kabla ya mbio moja mjini Boston mwezi Juni mwaka huo, yeye na mwenzake walinunua vitambaa vyekundu vya hariri wakavigawa kwa wapiga makasia wote, ili watu walioko pwani waweze kuitambua mashua yao kwa mbali. Wekundu ule wa damu ya mzee ndio rangi rasmi ya Harvard hadi leo. Kitambaa cha dukani, kwa shida ya dakika ile, kikageuka bendera.

Eliot mwenyewe alikuja kuwa rais wa Harvard kuanzia 1869, akakaa miaka 40. Katika kiti hicho akawa mmoja wa wapinzani wakubwa wa namna michezo ya vyuo ilivyokuwa inakwenda, hasa mpira wa Kimarekani, alioushutumu kwa ukatili na kwa kuwafundisha vijana udanganyifu. Wapo wanaomcheka kwa hilo: aliyegawa vitambaa ndiye anayelaumu bendera. Mimi nadhani alikuwa na haki ya kulaumu kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa alikumbuka mchezo ulipokuwa wa kundi na mashua yao.

Mwaka uleule wa vitambaa, Julai, mpiga makasia wa Yale alikufa maji mtoni Springfield mashua zilipogongana siku chache kabla ya resi, na resi zikafutwa. Baada ya mbio za 1860 wakuu wa vyuo wakazuia, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuia zaidi. Zilipofufuka 1864, Yale walikuja na mtu mpya kabisa: William Wood, mkufunzi wa kulipwa, aliyewaweka chini ya ratiba ya chakula, usingizi na mazoezi. Wakawashinda Harvard. Malengelenge hayakuogopwa tena.

Maktaba za Linonia na Brothers in Unity ziliishia wapi? Vyama vilidhoofika, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 vikafa. Vitabu vikaingia katika maktaba ya chuo, na majina yao yamebaki mlangoni mwa chumba kimoja cha kusomea. Chuo kilikuwa kimejifunza kwamba vijana wanataka riwaya. Na kwa michezo kilijifunza hivyohivyo, polepole: kamati za maprofesa, viwanja, ada, makocha. Kila kitu ambacho wanafunzi walikuwa wamejibunia nje ya kengele, kimoja kimoja, kikaingizwa ndani ya kengele.

Bado palikuwa na kizunguzungu kimoja cha mwisho. Resi zilipofunguliwa kwa vyuo vingi zaidi, wakubwa walianza kushindwa na wadogo. Mwaka 1871 chuo cha kilimo cha Massachusetts, vijana wa jembe na mbolea, waliwaacha Harvard na chuo cha Brown nyuma. Cornell, chuo kisichofikisha hata miaka kumi tangu kifungue milango, kikashinda 1875 na tena 1876. Harvard na Yale wakajitoa, wakaamua kushindana wao wawili tu, mbali na wakulima. Mimi hapo huwa nacheka peke yangu.

Walipotafuta mahali pa kudumu, walipata New London, jimbo la Connecticut, kwenye mto Thames, kuanzia 1878. Mto umenyooka maili nyingi, na kandokando ya maji, kiasi cha mtu kuona matone yakidondoka kwenye kasia, imepita reli. Mabehewa ya wazi ya mizigo yalifungwa madawati yaliyopangwa ngazi kwa ngazi kama jukwaa la uwanjani, yakielekezwa mtoni. Tarumbeta na vitambaa, vyekundu behewa hili, vya buluu behewa lile. Mbio zikianza, treni nayo ikaondoka, taratibu, ikaenda sambamba na mashua hadi mwisho, na aliyetaka kuona kasia la kwanza mpaka la mwisho alikuwa amekwisha kukata tiketi.